Trekta lako la kwanza la mtumba kwa shamba dogo: mwongozo kwa mnunuzi wa Dar es Salaam

Wakazi wengi wa Dar wenye mashamba Mkuranga, Kisarawe, Kibaha au Bagamoyo huanza kutafuta trekta mwezi Februari, masika yakiwa mlangoni. Hakuna mwezi mbaya wa kununua kama huo. Muuzaji anajua una haraka, mafundi wazuri wote wako porini wanahangaika na matrekta ya watu, na hata trekta bovu linapata mteja. Tafuta kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi. Utapata nafasi ya kukagua, ya kukataa, na ya kutengeneza kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: trekta la kwanza halichaguliwi kwa ukubwa wala kwa rangi. Linachaguliwa kwa kujiuliza hivi: siku likifia shambani katikati ya masika, fundi gani atalifufua, na spea itatoka duka gani? Ukishindwa kujibu, usilinunue, hata likiwa bei ya kutupa.

Hatua ya 1: Piga hesabu kama unalihitaji kweli

Jembe la sahani tatu hukata upana wa karibu sentimita 90. Trekta likitembea kilomita 5 kwa saa, kwenye karatasi linalima mita za mraba 4,500 kwa saa. Toa muda wa kugeuza mwisho wa shamba, kusafisha sahani na dereva kunywa maji, utabaki na robo tatu ya hapo, yaani kama mita za mraba 3,400. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo kila ekari itakula saa moja na dakika kumi na kitu.

Shamba la ekari 10 basi ni kazi ya siku mbili. Ongeza siku moja ya kupiga haro, yaani kuvunja mabonge. Hata ukilima vuli na masika, hufikishi siku kumi za kazi kwa mwaka. Siku zilizobaki trekta limesimama chini ya mwembe, betri inakufa na jua linapasua matairi.

Sasa chukua bei ya kulimiwa ekari moja kijijini kwako, izidishe kwa ekari zako na kwa misimu miwili. Hicho ndicho utakachokuwa unaokoa, na humo bado hujatoa dizeli, dereva, oili na spea. Kilinganishe na bei ya trekta. Mwenye chini ya ekari 10 ambaye hana mpango wa kulimia majirani wala kubeba mizigo kwa tela, namshauri akodi. Mwenye ekari mbili tatu za mpunga aangalie pawatila, kile kitrekta cha magurudumu mawili kinachoongozwa kwa mikono. Lakini kama majirani wanalia kila msimu kwamba trekta la kukodi linafika mvua ikiwa imeshapita, hapo una biashara, na ekari zako 10 zitakuwa sehemu tu ya kazi yake.

Kama shamba lako ni jipya na lina visiki vya minazi au miti iliyokatwa, ng'oa visiki kwanza. Kisiki kimoja kilichofichwa na nyasi kinaweza kupinda ekseli ya sahani au kuvunja mkono wa jembe siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Jua udongo wako na zana utakazofunga

Mchanga wa Mkuranga na Kigamboni ni mwepesi. Trekta la nguvu farasi 45 hadi 50 huvuta jembe la sahani mbili pale bila kulia. Mfinyanzi wa bonde la Ruvu ni habari nyingine: ukikauka unakuwa mgumu sana, ukilowa unanasa kila kitu. Huko unataka nguvu farasi 70 na zaidi kwa sahani tatu, na kama utaingia majarubani, trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa nchi kavu ya pwani sioni sababu ya kulipia ekseli ya mbele inayovuta. Ni gia, mihimili na sili za ziada, na kila kimoja kina siku yake ya kudai pesa.

Wenye korosho wafikirie jambo moja zaidi. Matawi ya mkorosho hushuka chini, na kazi yako kubwa itakuwa kupalilia kati ya mistari kwa haro au kwa mashine ya kufyekea. Trekta fupi la nguvu farasi 45 litapita. Kubwa lenye kibanda litavunja matawi na litakufanya uache nyasi karibu na shina.

Hatua ya 3: Aina zipi

Massey Ferguson bado ndilo chaguo langu kwa mnunuzi wa kwanza, kwa sababu ya spea. MF 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ina injini ya Perkins ya silinda tatu ambayo fundi wa kijijini anaifungua akiwa ameketi juu ya gunia. MF 240 iliyokuja baadaye ni ndugu yake wa karibu, nayo inafaa sana ekari chache. Kwa kazi nzito kuna MF 290 yenye silinda nne na nguvu farasi karibu 80, pamoja na 375 na 385. Kiwanda cha Millat cha Pakistani na TAFE cha India vimeendelea kutengeneza matrekta ya ramani hizohizo kwa miongo mingi, kwa hiyo spea mpya zipo madukani wakati matrekta yenyewe yamezeeka.

Ford 5000 na 6600 ni imara, na ukipata moja iliyotunzwa na mtu mmoja usiidharau. New Holland na Farmtrac utakutana nazo nyingi, kwa sababu SUMA JKT, shirika la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa, iliziingiza kutoka India miaka ya Kilimo Kwanza, ile kampeni ya serikali ya kukuza kilimo. Hizo kagua karatasi kwa umakini zaidi, nitaeleza mbele. Ursus zilizounganishwa Kibaha zinauzwa bei ya kuvutia, lakini kampuni mama ya Poland ilikuja kufilisika. Kabla hujaweka pesa, tafuta klachi na pampu yake dukani, uvione kwa macho.

Kuna pia vitrekta vya Kijapani vinavyoshuka bandarini: Kubota, Yanmar, Iseki, vya nguvu farasi 15 hadi 30, vingi vikiwa na rotaveta, mashine ya kusaga udongo, nyuma. Vilitengenezwa kwa majaruba ya Japani, ni vyepesi, na mara nyingi vinavuta magurudumu yote. Kwa bustani ya mboga au mpunga ni vizuri kabisa. Kwa jembe la sahani kwenye ardhi kavu havina uzito wa kushika ardhi. Utaishia kuchoma klachi. Na kwa kuwa vilitengenezwa kwa soko la Japani, modeli nyingi hazina spea kwa mawakala wa huku.

Hatua ya 4: Nenda Kariakoo kabla ya kwenda kuona trekta

Watu wengi huiruka hatua hii. Ukishachagua aina mbili, pita maduka ya spea Kariakoo na Gerezani ukiwa na orodha fupi: sahani ya klachi, pampu ya hadroliki, seti ya pistoni na ringi, gasketi ya silinda hedi, nozeli, na jozi ya matairi ya nyuma. Andika bei za maduka mawili matatu, na uulize ipi ni ya asili na ipi ni ya kuiga. Karatasi hiyo ndiyo silaha yako ya kujadili bei. Muuzaji akisema "klachi imechoka kidogo tu, ndugu yangu", wewe unajua kidogo hicho ni shilingi ngapi.

Tafuta pia fundi wako wa matrekta, umlipe mwenyewe kwa siku. Fundi aliyeletwa na dalali anakula kwa dalali. Afadhali kuliko wote ni yule anayefanya kazi karibu na shamba lako, maana ndiye utakayempigia simu baadaye.

Hatua ya 5: Ukaguzi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema: usiliwashe mpaka nifike. Nenda saa moja asubuhi, na kitu cha kwanza weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa. Joto la Dar linasaidia injini iliyochoka kuwaka. Injini itakayogoma Njombe inaweza kuwaka vizuri Tabata. Kwa hiyo hata hapa, asubuhi, inapaswa kuwaka kwa mzunguko mfupi wa staata. Angalia limeegeshwa wapi. Trekta lililopaki juu ya mteremko, au lenye gari pembeni na waya za kuazima moto, lina historia ya kusukumwa.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni kawaida ya dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani: gasketi, sili za silinda, au hedi iliyopasuka. Fungua rejeta uangalie kama mafuta yanaelea juu ya maji. Kisha fungua kisafisha hewa. Matrekta mengi ya zamani yana kile cha bakuli la oili chini. Ukikuta bakuli limekauka, au limejaa tope gumu, ujue injini hiyo imekuwa ikimeza vumbi, na vumbi hula ringi na silinda kuliko kitu kingine chochote. Kwangu mimi hiyo inatosha kushusha bei sana au kuondoka.

Washa. Moshi mweusi kidogo unapokanyaga mafuta hauna neno. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji. Ikiwa inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mwepesi ni kawaida kwa injini ya umri huo. Ikipumua kwa nguvu na moshi unatoka kwa mapigo, ringi zimekwisha, na ovaholi iko mlangoni. Tazama geji ya presha ya oili injini ikiwa baridi, uitazame tena ikiwa imechemka baada ya nusu saa. Geji iliyokufa usiikubali kwa maneno. Fundi wako afunge geji yake.

Sasa shuka katikati ya trekta. Matrekta haya hayana chesisi kama lori: injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa pamoja kwa bolti na ndivyo vinavyobeba kila kitu. Pitisha kidole kwenye maungio. Oili iliyolowesha ungio la injini na giaboksi, bolti mpya zisizofanana na za zamani, au mstari wa kuchomelea kwenye chuma cha kusubu, ni dalili kwamba liliwahi kupasuka au kukatika. Rangi mpya iliyopakwa juu ya grisi na uchafu pale pale kwenye ungio ni ya kuificha dalili hiyo.

Kwenye Massey za aina nilizotaja, oili ya giaboksi ndiyo hiyohiyo inayoendesha hadroliki, na pampu yenyewe imo ndani. Mpira wa kuziba chini ya mkono wa gia ukipasuka na trekta likalala mvuani, maji huingia hadi humo. Chomoa kijiti cha nyuma nacho. Oili ya maziwa humo inamaanisha beringi na pampu vimekuwa vikiogelea kwenye maji.

Klachi za Massey nyingi ni za ngazi mbili. Ukikanyaga nusu, magurudumu husimama huku shafti ya nyuma inayoendesha zana, ile mafundi wanayoiita pitio, inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka chini, vyote husimama. Jaribu hivyo hivyo. Kama nusu haifanyi lolote, klachi inataka kurekebishwa au imekwisha, na kuibadilisha kunahitaji kufungua bolti na kulitenganisha trekta vipande viwili, kazi ya siku nzima ya mafundi.

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, litikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo kwenye kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia) na bushi hutengenezeka kwa bei ya kuvumilika. Angalia pia pini ya katikati ambayo ekseli ya mbele inaning'inia. Pedali za breki ni mbili: zijaribu moja moja kwenye eneo wazi, trekta lizunguke vizuri kila upande. Upande usioshika mara nyingi sili imevuja na oili imelowesha breki.

Matairi ya nyuma yatazame ubavuni, usiangalie meno peke yake. Nyufa za jua na viraka vya ndani ni bei ya jozi mpya, nayo unayo kwenye karatasi yako ya Kariakoo. Kama trekta limekaa Kigamboni au Kunduchi karibu na bahari, kwangua rimu kwa bisibisi uone kutu imekula kiasi gani.

Mita ya saa usiisome kabisa. Mara nyingi imekufa au imebadilishwa. Soma uchakavu: pedali zilizolika mpaka zikang'aa, matundu ya baa ya kuvutia yaliyogeuka yai, vichwa vya mikono ya nyuma vinavyocheza. Trekta lenye mita ya saa 2,000 na matundu ya yai linasema saa nyingi kuliko hizo.

Hatua ya 6: Lipe mzigo

Trekta linalonguruma vizuri uani halijathibitisha kitu. Kodisha nusu siku ya shamba kama ni lazima, lakini lione likilima. Funga jembe, linyanyue, zima injini. Mikono kushuka taratibu ni kawaida kwa umri. Kushuka kwa dakika moja mpaka chini ni silinda au vali iliyochoka. Injini ikiwa inafanya kazi na mikono ikawa inatetemeka juu chini, hadroliki inapoteza presha mahali.

Lima angalau saa moja. Gia isiruke kutoka, geji ya joto isipande, nguvu isipungue likichemka. Pampu ya dizeli iliyochoka huonyesha tabia hapo: asubuhi iko sawa, mchana haina nguvu, na likizimwa likiwa la moto haliwaki. Jaribu gia zote, pamoja na rivasi.

Hatua ya 7: Karatasi

Dai kadi halisi ya usajili ya TRA, siyo fotokopi. Namba ya chesisi na ya injini zifanane na zile zilizogongwa kwenye chuma, na jina lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Akisema kadi iko benki, basi benki ina mkono wake kwenye trekta hilo. Malizaneni huko kwanza. Matrekta mengi ya Kilimo Kwanza yaliuzwa kwa mkopo, kwa hiyo dai barua ya aliyekopesha kwamba deni limekwisha. Kama trekta ni la familia na mwenyewe amefariki, muuzaji aonyeshe barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Bila hizo, ndugu mmoja tu akijitokeza baadaye, umepoteza.

Andikianeni mkataba mbele ya wakili, lipa kupitia benki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike muuzaji akiwa bado anapokea simu zako. Kwa trekta linaloshuka bandarini, wakala wa forodha akupe kwa maandishi jumla ya gharama zote mpaka kwenye namba ya usajili.

Hatua ya 8: Bei

Usitumie pesa yote kununua. Katika kila shilingi tano ulizotenga, moja ibaki kwa matengenezo ya miezi ya mwanzo. Kwa trekta la miaka 30 utaihitaji. Jembe na haro uliza kama vimo kwenye bei, maana trekta bila jembe halitakulimia kitu, na sahani zilizolika hadi zikawa ndogo utazibadilisha mara moja.

Hatua ya 9: Kulifikisha na kulianzisha

Lipakie kwenye gari la kubebea mitambo. Kuliendesha kutoka Dar hadi Mkuranga kwa Barabara ya Kilwa, kwa mwendo wa trekta katikati ya mabasi, ni kutafuta ajali bure.

Likifika, kabla ya kazi yoyote mwaga oili zote uweke mpya, badilisha vichujio vya oili na dizeli, osha tangi la dizeli kama lina tope, paka grisi kila chuchu, na ujaze bakuli la kisafisha hewa kwa kipimo. Msimu wa vumbi bakuli hilo lifunguliwe kila siku.

Dereva wako, hata awe mzoefu, mweleze mambo haya waziwazi. Kuvuta kisiki au gari lililonasa ni kwa baa ya chini tu. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye mkono wa tatu wa jembe au kwenye ekseli, trekta hunyanyuka mbele na kumwangukia dereva chini ya sekunde mbili. Pitio huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kifuniko chake kiwepo, na mwenye kanga au shati linalopepea asisogee. Mtoto hapandi kwenye bawa la gurudumu. Na kama ni Massey yenye Multi-Power, mfumo wa kubadili mwendo bila kukanyaga klachi, kwenye vilima vya Kisarawe isiteremke ikiwa kwenye mwendo wa chini wa mfumo huo, kwa sababu hapo injini haizuii magurudumu na trekta linateleza huru pamoja na tela.

Siku ya kwanza ya kulima ikiisha, kabla dereva hajaondoka, kazeni nati za magurudumu yote na bolti za jembe, maana hulegea baada ya mzigo wa kwanza. Subirini injini ipoe, pimeni oili, na kwenye daftari la trekta andikeni tarehe, saa zilizofanywa, lita za dizeli na chochote kilichovuja.